Mnara wa mashujaa wa kata zetu: majina tuyahakiki vipi kabla ya kuchonga jiwe?

MwanaKamati

Wakuu, salaam. Serikali ya kijiji chetu, mkoa wa Lindi, imetenga kiwanja cha mita 12 kwa 10 karibu na uwanja wa mikutano ili pajengwe ukumbusho wa askari na wapagazi waliotoka kata zetu tatu. Mpaka sasa tuna majina 83 yaliyotajwa na wazee na familia: wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wapagazi, wa keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki) waliopelekwa Uhabeshi na Bama (Burma) katika Vita Kuu ya Pili, na wa JWTZ na mgambo waliokwenda vita vya Kagera 1978–79. Kuna waliofia vitani, kuna waliorudi, na wapiganaji watano wa Kagera tunao hai.

Tumekwama hapa. Jina moja linaandikwa namna tatu, na familia mbili zinadai babu mmoja. Wazee wengine wanataka wapiganaji wa Majimaji nao waingie, na kuna ukoo ambao babu yao alikuwa askari wa Mjerumani. Fundi anasema tupige ukuta lipu na majina yaandikwe kwa rangi. Mfadhili mmoja anataka kibao cha shaba. Na kila mtu anataka uzinduzi uwe tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Imebaki miezi minne. Mwenye ujuzi atuelekeze, kwa hatua ikiwezekana.

Mtunza_Nyaraka

Mkuu, anzeni na majina, jiwe lije baadaye. Itazame Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake yanamwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Izunguke pande zote nne: hakuna jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ile CWGC, ilitoa ripoti ikikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi wetu wamo humo. Jeshi lao, Carrier Corps, limetuachia jina la Kariakoo, lakini wao wenyewe hawana majina. Kwa hiyo daftari lenu la watu 83 ni mali kubwa. Inawezekana kabisa baadhi ya majina hayo hayapo popote pengine duniani.

Kila mtu afunguliwe karatasi yake. Iwe na: jina kama familia inavyolitamka, jina la baba na la babu, ukoo, kijiji cha wakati ule na jumbe wake, kikosi kama kinajulikana, namba ya jeshi, alipelekwa wapi, nini kilimpata, na mwisho nani ametoa habari na ana undugu gani naye. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, kisha miaka miwili baadaye hakuna anayejua habari ilitoka wapi. Wahojini ndugu mmoja mmoja, si kikaoni. Kikaoni mzee wa kwanza akishasema, wengine wote humfuata.

Msiulize "alikwenda mwaka gani". Ulizeni kwa matukio: alichukuliwa kabla ya mapigano ya Mahiwa (Oktoba 1917) au baada yake? Alipoondoka, mtoto gani wa nyumba ile alikuwa amezaliwa? Na mkiuliza alikufaje, msiishie kwenye risasi. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Kuna familia inaona haya kusema babu alikufa kwa kuhara, ikidhani hiyo haihesabiki. Inahesabika sawasawa na aliyepigwa risasi Mahiwa.

Sasa ushahidi wa mkononi. Waombeni watoe vyeti vya kuachishwa jeshi, barua, picha na nishani. Nishani ya fedha ya Waingereza ya 1914–18 ina maandishi madogo sana ukingoni, si usoni: namba, cheo, jina na kikosi. Iwekeni wima kwenye kitambaa, mmulike kwa tochi kutoka ubavuni, na mwanga wa kulala ndio utakaozitoa herufi. Mpige picha kipande kwa kipande mkiizungusha. Mtu asiisugue kwa majivu wala mchanga ili ing'ae. Ukingo hulika haraka na ile namba ndiyo inayopotea. Nishani za nyota za Vita Kuu ya Pili walizopewa na Waingereza, ile ya Bama ikiwemo, hazikuandikwa jina. Zinaonyesha kuna mtu alihudumu, hazisemi ni nani, hivyo zitafutieni ushahidi wa pili.

Kisha ingieni kwenye kanzidata ya CWGC mtandaoni, ni bure. Mara nyingi jina lote la Mwafrika limewekwa kwenye nafasi ya jina la ukoo, kwa hiyo "Juma bin Ali" mtafuteni hapo, lote. Jaribuni kila tahajia: Athumani, Asumani, Osman, Rajabu na Lajabu, "bin" na "s/o" (yaani "son of", mwana wa). Mkikutana na nyaraka za Wajerumani, kumbukeni kwamba Juma ameandikwa Dschuma, Shabani ni Schabani, na penye "ch" yetu wao waliandika "tsch". Jambo moja la kuzingatia: kanzidata ile ni ya waliokufa tu. Aliyerudi nyumbani hamtamkuta, na kutomkuta si dalili kwamba hakwenda.

Familia mbili kudai babu mmoja, mara nyingi ni watu wawili wenye jina moja. Jina la baba na la jumbe ndilo litakalowatenganisha. Msiwaunganishe mpaka hayo mawili yafanane.

Mkimaliza, gawanyeni karatasi mafungu matatu. La kwanza: wenye ushahidi wa aina mbili zisizotegemeana, mfano nishani na simulizi, au simulizi za familia mbili zisizo na undugu. La pili: wenye ushahidi mmoja. La tatu: waliotajwa tu. Fungu la kwanza lichongwe. Mengine yabaki kwenye daftari la ukumbusho huku mkiendelea kuyatafutia ushahidi, na kwenye jiwe muyaachie nafasi.

Mwalimu_Historia

Naongezea kwenye hili la Majimaji na askari wa Mjerumani, maana hapo ndipo kamati nyingi huvunjika.

Chagueni kigezo kimoja, mkiandike kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kabla hamjajadili jina la mtu yeyote. Ninachopendekeza: "watu wa kata hizi waliokufa au kutumika vitani", bila kutaja walikuwa chini ya bendera gani. Kwa vita ya 1914–18 hiyo ndiyo haki pekee ninayoiona. Upagazi haukuwa hiari. Mjerumani alikamata watu, Mwingereza akaja akakamata wengine, na kijiji kimoja kilitoa watu pande zote mbili. Ukimwandika wa Mwingereza na kumwacha wa Mjerumani unarudia kosa lile lile la wakoloni la kuhesabu watu kwa mwajiri.

Majimaji ni habari nyingine. Mwaka 1905–07 askari wa Mjerumani ndio waliowaua wapiganaji wetu na kuchoma maghala mpaka njaa ikamaliza waliobaki. Mkiwachanganya kwenye bamba moja na askari wale, ukoo utakaopita pale utaumia, na utakuwa na haki. Wapeni Majimaji bamba lao, liwe la kwanza kushoto, lenye miaka yake juu. Babu wa ule ukoo, kama alitumika 1914–18, aingie bamba la 1914–18. Kama alitumika wakati wa Majimaji dhidi ya watu wa hapa, huyo si wa ukumbusho huu, na ni vizuri familia iambiwe nyumbani kwake kwa heshima kabla ya mkutano, isije ikasikia hadharani.

Kwa siku ya kumbukumbu, Songea huwakumbuka mashujaa wa Majimaji kila 27 Februari, tarehe ambayo viongozi walinyongwa mwaka 1906. Mnaweza kusoma bamba lenu la Majimaji siku hiyo na mengine 25 Julai.

Mgambo_Mst

Kuhusu Kagera: msiende moja kwa moja Makao Makuu ya Jeshi. Barua ya kamati, yenye mhuri wa kijiji na wa kata, ipelekwe kwa Mshauri wa Mgambo wa Wilaya, nakala kwa Mkuu wa Wilaya. Iambatane na orodha yenye jina, namba ya jeshi kama ipo, kikosi, na jina la ndugu wa karibu. Ombeni vitu viwili tu: kuthibitishiwa kwamba alihudumu, na kwamba alifia vitani. Mkiomba jalada zima la mtu hamtajibiwa.

Waliozikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, wana makaburi yao pale kwenye kituo cha mashujaa. Familia nyingi za kusini hazijawahi kufika, ni mbali mno. Ombeni picha ya kaburi iwekwe kwenye karatasi ya marehemu, na ukutani jina lake liandikwe pamoja na neno "Kaboya" ili wajukuu wajue amelala wapi.

Wale watano walio hai msiwachonge kwenye bamba moja na marehemu bila kuwauliza. Wengine hufurahi, wengine huona ni kuzikwa wangali hai. Kila mmoja aulizwe peke yake, na jibu lake lifuatwe.

Fundi_Mawe

Rangi juu ya lipu, hapana. Mvua za kusini mbili au tatu tu, lipu inavuta maji kutoka chini, inatoa chumvi nyeupe, rangi inabanduka kama gamba, na majina yanaondoka nayo. Halafu mtu mwema anakuja na brashi kupaka upya, anakosea herufi, na kosa hilo ndilo linalokuwa jina. Kibao cha shaba nacho kitang'olewa usiku kiuzwe kama chuma chakavu. Hata ukikifunga kwa skrubu za kuziba vichwa, wanakuja na mtaimbo.

Tumieni graniti. Bamba la sentimita 60 kwa 90, unene milimita 30, lina uzito wa kilo 44 hivi, watu wawili wanalibeba. Herufi za urefu wa milimita 15, kutoka mstari hadi mstari milimita 28. Ukitoa kichwa cha habari juu na nafasi ya chini unabaki na mistari 25, na kwa safu mbili ni majina 50. Jina refu kama "Mohamedi bin Abdallah" linaenea kwenye safu bila kukatwa. Mabamba manne, kwa mgawanyo aliousema Mwalimu, yanawatosha na nafasi ya nyongeza inabaki. Nafasi hiyo iachwe chini ya kila safu, mistari isiyopungua mitano.

Uchongaji uwe wa kupuliza mchanga, kina milimita 2 hadi 3. Ule wa leza unapendeza siku ya kwanza, lakini ni mkwaruzo tu juu ya jiwe. Kipimo chake rahisi: pitisha ukucha juu ya herufi. Usipokwama, kataa kazi. Herufi yenye kina, hata rangi yake ikiisha yote, bado inasomeka kwa kivuli cha jua la asubuhi, na asiyeona anaisoma kwa kidole.

Ukuta: urefu mita 3.1, yaani mabamba manne, nafasi za sentimita 10 kati yake na 20 kila mwisho. Ukingo wa chini wa bamba uwe sentimita 60 kutoka ardhini, matone ya mvua yasirushe tope kwenye majina, na aliye kwenye kiti cha magurudumu asome bila shida. Msingi chimbeni sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) unene sentimita 15. Mifuko miwili ya saruji inatosha kwa zege hilo la chini. Kama udongo ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msijenge juu yake; chimbeni mpaka muupite. Tofali za kulaza, na juu ya msingi tandikeni karatasi ya kuzuia unyevu, hiyo msiiache hata kama fundi wenu anasema si lazima. Mwagilieni maji siku 7, na mabamba yasipachikwe kabla ya siku 28.

Bamba likae juu ya ukingo wa zege unaobeba uzito, kisha lishikwe na pini nne za chuma kisichoshika kutu, kipenyo milimita 8, ziingie milimita 20 kwenye jiwe na 80 ukutani, kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Nondo za kawaida msitumie. Zinashika kutu ndani, kutu inavimba, na jiwe linapasuka kuanzia kwenye tundu. Juu ya ukuta wekeni kofia ya zege inayotokeza sentimita 5 mbele, yenye mfereji mdogo chini yake ili maji yadondoke yasitiririke kwenye majina.

Usafi: maji, brashi laini, sabuni kidogo isiyo kali. Ukoga utolewe kwa kijiti cha mti baada ya kuulowesha. Asidi, dawa ya kung'arisha nguo, na brashi ya waya zisifike pale. Na chokaa! Kila kinapokuja kiongozi watu hukimbilia kupaka chokaa kila kitu kilichosimama. Ukuta huu usipakwe.

MwanaKamati

Tunashukuru sana wakuu, kamati itasoma yote kikaoni. Mfadhili wa shaba tutamweleza, pesa yake iende kwenye graniti. Kilichobaki ni 25 Julai. Kwa maelezo haya jiwe halitakuwa tayari. Tufanye nini siku hiyo, na hao wazee watano tuwape heshima gani?

Itifaki

Julai hii wekeni jiwe la msingi na someni majina ya fungu la kwanza. Ukuta uzinduliwe Julai ya mwakani. Majina yakisomwa hadharani mwaka mmoja kabla, familia ambazo hazikufikiwa zitajitokeza zenyewe, na makosa yatasahihishwa yakiwa bado kwenye karatasi.

Katika maadhimisho ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani shoka. Msiiige yote. Chukueni mkuki na ngao kwa mgeni rasmi, shoka kwa mmoja wa wazee wenu watano, na shada kwa mjane au mjukuu wa mpagazi. Buruji na gwaride viombwe kwa barua kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, mapema, wiki sita kabla. Visipopatikana, ngoma moja ikipigwa taratibu wakati wa kuweka silaha inatosha. Vijana wa maigizo wasivae sare za jeshi wala za kufanana nazo. Raia kuvaa ni kosa kisheria, na shughuli inaweza kuharibikia hapo.

Kimya kiwe dakika moja kamili, mtu ashike saa. Kisha dua na sala, viongozi wa dini wakubaliane mapema dakika tatu kila mmoja. Usomaji wa majina uende polepole, kama sekunde nne kila jina. Majina 60 ni dakika nne tu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbiza. Msomaji akae kwanza na familia asikie wanavyotamka. Jina la baba likitamkwa vibaya mbele ya wanawe, hotuba zote zilizobaki hazitalifuta.

Wazee: viti vyao vivulini, mstari wa mbele, na familia za waliokufa karibu nao, wageni wa serikali wakae upande wa pili, si mbele yao. Shughuli isizidi saa moja na nusu, ianze saa 3 asubuhi kabla jua halijakaza. Gari liwafuate nyumbani na kuwarudisha. Watajwe kwa vyeo vyao vya jeshi. Asiitwe mtu kutoa ushuhuda ghafla kwenye kipaza sauti. Mwulizeni wiki moja kabla, na akikataa basi. Kwa wengine, kuitwa jina na cheo, wakasimama, watu wote wakasimama nao, ndiyo heshima waliyoingoja.

Mtunza_Nyaraka

Mambo mawili kabla sijasahau. Mpagazi au keya mtakayemthibitisha na hayumo kwenye kanzidata ya CWGC, wapelekeeni maombi aandikwe. Watataka ushahidi wa huduma, wa kifo, na kwamba kifo kilitokea kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Aliyekufa baada ya kuachishwa jeshi lazima ionyeshwe kwamba ni kwa jeraha au ugonjwa alioupata kazini. Karatasi za fungu la kwanza, zikiwa na jina la aliyetoa habari na picha za nishani, ndizo mtakazoambatisha.

La pili ni orodha ya mwisho. Ichapeni kwa ukubwa ule ule wa bamba, ibandikeni ofisi ya kijiji siku 30, kila familia itie saini au dole gumba pembeni ya jina lake. Nakala moja ibaki kijijini, moja shuleni, moja kwa Mkuu wa Wilaya, moja Nyaraka za Taifa. Fundi apewe faili lililochapwa, asinakili kutoka mwandiko wa mkono. Na siku ya kupuliza mchanga awepo mjumbe mmoja wa kamati na karatasi yenye saini, alinganishe jina kwa jina kwenye ule mpira uliokatwa herufi, unaobandikwa juu ya jiwe, kabla mashine haijawashwa. Herufi moja ikikosewa kwenye graniti haifutiki. Uso wote wa bamba lazima usagwe na majina 50 yachongwe upya.